Mifuko ya Mioyo kutoka Machinjio ya Same

Vijana wangu wa maabara, siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti nikaongea upuuzi. Nilishukuru uongozi, nikashukuru keki, nikamshukuru hata dereva ambaye siku hiyo hakuja. Yale niliyotaka kuwaambia nikayaacha. Sasa nimekaa nyumbani kwangu hapa Same, kuku wananipekulia bustani ya mchicha, na sina wa kumlaumu kwa kelele. Nimeona niyaandike.

Habari za vyeo sitaziandika. Vyeo mnaviona wenyewe kwenye ubao wa matangazo, na mshahara kila mtu anaujua wa mwenzake kuliko wa kwake. Nitaandika kazi.

Nilitoka chuoni nikijua kupima malaria, kinyesi na mkojo, na nikiamini kwamba mtaalamu wa maabara ni mtu wa kukaa mbele ya darubini huku foleni ya wagonjwa ikimngoja nje. Nikapangiwa kituo kidogo cha utafiti mjini Same. Nilipofika nikakuta jengo la vyumba vichache, zizi la kondoo nyuma, na hakuna mgonjwa hata mmoja. Nikajua nimetupwa.

Mkuu wa kituo alikuwa Dokta Winifrida, mwanamke wa Kanda ya Ziwa, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuinua macho, kisha akaniuliza, "Umekula?"

"Bado, Dokta."

"Afadhali."

Akafungua chupa pana, akatoa kitu cheupe chenye kuteleza, akakiweka kiganjani mwangu. Nilitaka kuuliza kama hakuna koleo. Aliona swali likija akalizima. "Kwa mkono. Kishike, kivute kidogo, kiangalie dirishani. Huo ni mfuko wa moyo wa ng'ombe. Ukiujua ulivyo mzuri, siku utakapoletewa mbaya vidole vitakuambia kabla ya mashine."

Kwa wale mlioingia juzi na mnaogopa kuuliza, nieleze. Moyo wa ng'ombe umekaa ndani ya mfuko wa utando mwembamba, mgumu kuchanika kuliko unavyoonekana. Utando huo ukitiwa dawa ili usioze, ukakatwa vipande vya umbo la jani na kushonwa kwenye pete, unakuwa vali, yaani mlango wa moyo wa binadamu. Ughaibuni wamefanya hivyo muda mrefu. Shida ni moja. Kwa mzee vali hiyo inakaa vizuri, lakini kwa kijana mwili unaijaza kalsiamu, inakakamaa, na baada ya miaka michache haifunguki sawasawa. Na wagonjwa wetu ni vijana. Walipata mafindofindo utotoni, hayakutibiwa, homa ya baridi yabisi ikafuata na kuharibu milango ya moyo. Kwa hiyo kazi ya kituo chetu ilikuwa kutafuta namna ya kuutayarisha ule utando ili ubaki laini ndani ya mwili wa kijana. Watu huniuliza kwa nini kazi kubwa hivyo ifanyike Same badala ya Dar es Salaam. Nawajibu kwamba ng'ombe wako huku.

Mwaka wangu wa kwanza sikufanya sayansi yoyote niliyoitambua. Nilichambua tando. Meza yetu ya mwanga ilikuwa kioo cha dirisha kilichowekwa juu ya sanduku lenye balbu, kazi ya fundi seremala wa sokoni aliyedhani tunakuza picha. Unatandaza utando juu ya kioo, unatafuta mishipa ya damu, mafuta, makovu, sehemu nyembamba. Kisha unapima unene kwa geji, hapa, pale, na pale tena. Dume changa ndilo lenye utando bora. Ng'ombe mzee aliyezaa sana utando wake una makunyanzi na historia ndefu. Katika tando nyingi unapata kipande kidogo cha kufaa, na zinazobaki zinatupwa, na Dokta Winifrida alikuwa hana huruma. Nikimwonyesha kipande ninachokipenda ananiuliza tu, "Ungekiweka kwa mdogo wako?" Mara nyingi nilikirudisha kwenye ndoo mwenyewe.

Dawa yetu kuu ilikuwa glutaraldehaidi. Mnaijua harufu yake. Nyinyi mna kabati la kuvuta hewa. Sisi tulikuwa na dirisha na upepo wa Same, ambao kwa bahati hauna uvivu. Marehemu mume wangu alisema nanukia kama hospitali iliyofunguliwa jana. Nilimwambia afadhali hivyo kuliko kunuka kama iliyofungwa.

Nilikuwa nimeshaizoea kazi hiyo ilipoingia nyumbani kwetu. Kaka yangu analima mpunga Maore, na binti yake Naelijwa alikuwa msichana wa kusimama katikati ya sentensi ili avute pumzi. Tulimcheka akiwa mdogo, tukisema anatafuta maneno. Alipomaliza sekondari midomo ilikuwa inabadilika rangi akipanda ngazi za kanisa. Nikampeleka kupimwa. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa umekwisha. Akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akawekewa vali ya utando wa ng'ombe iliyotoka nje ya nchi, ya kawaida, nzuri kwa wakati wake.

Alirudi Maore akiimba kwaya sauti ya kwanza. Kaka yangu alichinja mbuzi, watu wakashukuru Mungu, na mimi nikashukuru nao huku moyoni nikijua jambo wasilolijua. Nilikuwa nimezikata vali za namna ile zilizotolewa kwa vijana wengine. Nilijua zinavyokuwa. Kuanzia hapo kila Krismasi nikifika Maore nilikuwa namsikiliza Naelijwa anavyopumua kabla hata hajaniamkia.

Naye hakuwa mjinga. Alipoolewa alikuja kukaa kwangu siku kadhaa akaniuliza moja kwa moja. Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba vali yake itachoka, na ya pili ingekuwa ya chuma. Ya chuma haichoki. Lakini ukiwa nayo unameza dawa ya kuzuia damu isigande kila siku ya maisha yako, unapimwa damu mara kwa mara, na Maore hakuna pa kupimia. Na dawa ile na ujauzito haviivani, kwa mama na kwa mtoto. Naelijwa alitaka mtoto. Hakulisema kwa aibu wala kwa kuzunguka.

"Shangazi, hiyo kazi yenu ya ng'ombe inakwenda?"

"Inakwenda."

"Inakwenda au inatambaa?"

"Inatambaa," nikamwambia.

"Basi iambieni isimame. Mimi siwezi kusubiri mpaka niwe bibi."

Ndiyo maana nitawasimulia kwa urefu kipindi kibaya kuliko vyote nilivyopitia kazini. Tulikuwa tumeshapata njia iliyoanza kutoa majibu mazuri. Ghafla tando zikaanza kutukataa. Mnakijua kile kipimo cha joto: unakata ukanda mwembamba wa utando mbichi, unautundika ndani ya maji ukiwa na kijiuzito chini, unapasha maji polepole, na ukifika joto lake unajikunja mara moja kama mtu aliyeitwa jina. Zetu zikawa zinajikunja kwa uvivu, nusunusu, nyingine zimeshajikunja kabla ya kuingia majini. Mkononi zilikuwa nene na zimesinyaa pembeni. Vidole vyangu vilikuwa vinaniambia kila asubuhi, ila havikuniambia sababu.

Tukalaumu ukame, kwamba ng'ombe wamekonda. Tukalaumu umeme unaokatika na friji. Dokta Winifrida akalaumu chumvi ya maji tunayohifadhia tando, tukaagiza nyingine, ikawa yale yale. Panya wa maabara tuliowapandikizia vipande chini ya ngozi wakarudisha vipande vigumu. Msimu huohuo kaka akanipigia simu kusema Naelijwa ameacha kwaya. Alisema amechoka tu na mashamba. Sikumwamini, na niliona wazi kwamba mimi na vali yake tunashindana mbio, nayo iko mbele.

Nikaamua kwenda machinjioni mwenyewe. Kawaida dereva ndiye aliyekuwa anachukua tando asubuhi. Bakari, mchinjaji wetu wa siku zote, alikuwa mtu wa kasi. Alikuwa akipasua kifua, anakata mfuko wa moyo kwa mkupuo mmoja na kuutupa na damu yake ndani ya kasha letu la barafu lenye maji ya chumvi. Hivyo ndivyo nilivyomwacha miaka iliyopita. Asubuhi ile nilimwona anaukata vilevile, lakini badala ya kuutupa kwenye kasha akampa Mama Hidaya.

Mama Hidaya alikuwa mwosha utumbo. Mbele yake lilikuwa sufuria kubwa la maji ya moto. Akauchovya mfuko wangu, akaukwangua kwa mgongo wa kisu, akauchovya tena, akaukunja vizuri kama kitambaa cha meza, akauweka kwenye kasha na kufunika taratibu. Alikuwa anaimba kidogo.

"Mama Hidaya, habari za asubuhi."

"Njema, dada! Leo umekuja mwenyewe? Angalia ninavyokutengenezea vitu vyako."

"Naona. Nani alikuagiza uvioshe?"

Akanikazia macho kama niliyemtukana. "Aniagize nani? Wewe ulikuja kwenye msiba wa mama yangu na mchele wako kutoka Maore, ukakaa na sisi jikoni ukachambua, mtu wa ofisini. Mimi nikakuta huyu Bakari anakutupia vitu vina damu na kinyesi kama mbwa. Nikasema hapana. Sitaki mtu aliyenizikia mama apelekewe uchafu."

Miezi yote ile ya kubadilisha dawa, chumvi na friji, kumbe tulikuwa tunavunjwa na shukrani. Moto ule ule unaofanya utumbo uwe safi na mtamu ndio unaopika utando wa moyo na kuumaliza. Na huwezi kumwambia mtu wa huku kwamba heshima aliyokurudishia huitaki. Ungekuwa umemrudishia mchele mlangoni.

"Mama Hidaya," nikasema, "mimi nazitaka zenye damu."

"Zenye damu!"

"Hivyo hivyo zinavyotoka."

"Dada, nitasemwaje? Watu wananiona hapa kila siku. Watasema Mama Hidaya utumbo wetu anauosha, vitu vya dada yake anaviacha na kinyesi."

Bakari akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mpe chafu zake, mama. Ndizo anazokula huko."

Sikucheka. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu naye, nikamweleza habari za Naelijwa, mlango wa moyo wake, na mtoto anayemtaka. Nilimweleza kwamba utando ule tukiupata mbichi na baridi tunaweza kumtengenezea mlango mwingine, na ukiguswa na maji ya moto hauwi mlango wa mtu yeyote. Kisu chake kilibaki juu ya sufuria, hakisogei.

"Kwa hiyo haya maji yangu yanamuumiza huyo binti?"

"Hayamuumizi. Yanamchelewesha."

Akainuka, akalimwaga sufuria lote kwenye mfereji, ingawa utumbo wa watu ulikuwa bado unasubiri. Wenye utumbo wakapiga kelele. Kisha akanigeukia. "Basi nipe na mimi cha kuosha. Siwezi kukaa tu nikuangalie unachukua vitu vichafu."

Nikampa kasha. Tangu siku ile kasha la barafu la kituo chetu lilikuwa linarudi linang'aa nje kwa sabuni na mchanga, hata dereva anaona aibu kuliweka chini kwenye gari lake. Ndani zilikuwa tando zenye damu, baridi, nzuri ajabu. Kila mgeni anayeingia kituoni, nyinyi pia, nimempeleka machinjioni kabla ya kumwonyesha mashine. Mlinung'unika kuhusu viatu vyenu. Sasa mnajua sababu.

Baada ya hapo kazi ilisimama, kisha ikatembea. Tulipunguza nguvu ya dawa. Tuliosha chembechembe za ng'ombe zilizobaki ndani ya utando, maana mwili wa mtu unazijua kuwa ni za mgeni. Halafu, na hili ndilo ninalojivunia kwa mikono yangu, tulijifunza kuosha baada ya dawa kwa subira kuliko wote tuliosoma habari zao, na kuziba mabaki ya dawa yaliyokuwa yanaita kalsiamu. Kwa maneno machache ni kuosha, kuosha, na kutoharakisha. Ukikuta nimeandika kwenye chupa "bado", acha. Bado ni bado.

Tando zetu zikapelekwa kwenye karakana Dar es Salaam, washonaji wakazishona chini ya darubini, wenyewe wana vidole ambavyo mimi sitavipata hata nikizaliwa tena. Vali zikawekwa kwa kondoo wachanga, kwa sababu mwili wa kondoo mchanga unakakamaza haraka kuliko wa kijana yeyote, na asiyeshindwa na kondoo mchanga ana haki ya kujaribu kwa mtu. Tukangoja. Siku picha za eksirei zilipofika Dokta Winifrida aliziweka kwenye meza yetu ya mwanga, ileile ya fundi wa sokoni. Vali za kawaida zilikuwa na madoa meupe. Zetu zilikuwa safi.

Akaangalia. Akasema, "Rudia."

Tukarudia kwa kondoo wengine. Safi.

"Rudia tena."

Safari ya tatu pia, safi. Alitoka nje akasimama kuelekea milimani, miwani mkononi, kisha akarudi kuomba chai yenye sukari. Alikuwa hatumii sukari. Nilimtilia nyingi, akainywa yote, nami nilijua kwamba hiyo ndiyo sifa nitakayopata kwake maishani. Ilinitosha na bado inanitosha.

Majaribio kwa binadamu yaliporuhusiwa, nilitangaza kwamba nina mtoto wa kaka anayeweza kuwa mmoja wa wagonjwa, nikatoka kwenye vikao vyote vya kuchagua. Fanyeni hivyo pia, hata kama hakuna anayewauliza. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisikia viti vinasogezwa ndani. Pumzi ya Naelijwa wakati huo ilikuwa ya mtu anayepanda mlima akiwa amekaa kitini.

Walimkubali, lakini ilibaki kazi ya Maore. Kaka yangu ni mzee wa kanisa, mtu wa kupima maneno, na alikuwa ameshakata shauri. Tuliketi sebuleni kwake.

"Chuma," akasema. "Nimewasikia madaktari. Chuma kinadumu. Hiyo yenu ikichoka, mnataka binti yangu apasuliwe mara ya tatu?"

"Baba, ya chuma inanipa miaka. Haiwezi kunipa mtoto," Naelijwa akasema. Alilisema kwa vipande, akivuta pumzi.

"Mtoto ni majaliwa ya Mungu."

"Ndiyo, baba. Ila sitaki nimfungie mlango."

Kaka akanigeukia. "Na wewe mdogo wangu. Wewe ndiye unayezifua hizo ngozi. Niambie kweli. Itakaa miaka mingapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Najua kwa kondoo. Kwa mtu hakuna anayejua. Najua tu kwamba sijawahi kushika utando mzuri kuliko huu."

Akamwambia binti yake afanye anachotaka, na akatoka kwenda kuangalia maji ya mpunga ambayo hayakuhitaji kuangaliwa. Nilijua analia. Sikumfuata.

Alipasuliwa, akaamka, akaomba uji. Wiki chache baadaye kikaletwa kituoni kichupa chenye vali ya zamani iliyotolewa, ya kukatwa na kuchunguzwa kama tulivyozoea kufanya kwa zote. Kichupa kilikuwa na namba bila jina, lakini nilikuwa nafahamu. Mmoja wenu alijitolea kunipokea kazi hiyo. Nilikataa, nikavaa glavu, nikaitoa. Majani yake yalikuwa magumu kama ganda la yai. Nikaligonga moja kwa koleo, likalia. Kitu kile kilikuwa ndani ya mtoto wetu akiimba kwaya. Nilikikata, nikakitia rangi, kalsiamu ikawa nyekundu kila mahali, nikaandika majibu yangu kwa mwandiko wa kawaida. Halafu nilikwenda kunawa nikakaa chooni nikalia vizuri, kwa hasira na kwa furaha, nikarudi mezani. Kulikuwa na tando za asubuhi zinangoja.

Sasa nimestaafu, na kazi ya miaka yote hiyo iko kwenye kifua cha mtu ninayemjua jina. Mwezi uliopita nilimsindikiza Naelijwa kupimwa moyo. Ana ujauzito wa miezi saba, na mimba inautwika moyo mzigo ambao kondoo wetu hawakuubeba. Hicho ndicho kipimo nilichokiogopa kuliko eksirei zote. Mpimaji alikuwa kijana mpole. Akampaka ile jeli, akasogeza kifaa chini ya titi, na kwenye skrini nikaiona vali yetu. Majani matatu membamba, yanafunguka mpaka mwisho, yanajifunga, yanafunguka. Hakuna doa jeupe popote. Nilishindwa kukaa, nikasimama nyuma ya kijana yule kama mkaguzi, nikawa natabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilijisikia fahari, na siifichi.

"Iko laini?" Naelijwa akauliza.

"Laini."

Kijana hakuombwa, lakini akakishusha kifaa mpaka tumboni, akatafuta kidogo, akasimama. Moyo mwingine ulikuwa pale, mdogo, unakwenda mbio, vijilango vyake vinapiga haraka kuliko nilivyoweza kuvifuata kwa macho.

Naelijwa aligeuza shingo akautazama. "Na huyu, shangazi, milango ya kwake ni ya ng'ombe gani?"

"Ya kwake mwenyewe," nikamwambia. "Yote."